Tatu wa Kinamasini

Kama unasoma haya ukiwa benchini, mkono una pamba ya kutolewa damu na jina lako bado halijaitwa, basi ni wewe ninayekuandikia. Wazima nao wasome wakipenda. Ugonjwa wenyewe ulivyo sitakueleza, hilo waulize wenye makoti meupe. Mimi hata walipokuwa wananichorea kwenye karatasi nilikuwa natazama saa ya ukutani. Nitakueleza yale ambayo hakuna aliyenieleza mimi: kucha zinavyogeuka, mume anavyonyamaza, na siku niliyowasha mchezo wa kwenye kimashine nikakuta nimo tayari, tena nimebakiza pumzi moja.

Naitwa Tatu. Kazi yangu ni kuchora hina. Kama uliolewa Mbagala na ukasikia habari za mchoraji mwenye mdomo mchafu na mkono mzuri, huyo ndiye mimi.

Uvimbe niliuona wakati wa vuli, chini ya taya, mdogo kama kunde. Nikadhani ni jino. Mume wangu Idrisa, ambaye ni fundi majokofu na anaamini kila kitu kibovu kinahitaji kuzimwa kwanza kisha kuwashwa, aliniambia nipumzike na nisukutue maji ya chumvi. Nikasukutua mpaka ulimi ukawa kama samaki wa ng'onda. Mvua zikaisha, kunde zikawa nyingi, zimepanga mstari mpaka kwenye mtulinga, na usiku natoka jasho godoro linalowa kama tumelala na mtoto mchanga. Hospitali wakanikata kipande, wakanisubirisha, wakaniita. Saratani ya mitoki. Daktari akasema inatibika, lakini nipate dripu zote bila kuruka. Hayo maneno, bila kuruka, aliyasema akinitazama mimi, akamtazama Idrisa, akanirudia mimi.

Dripu ya kwanza niliipata katika joto la kaskazi, lile joto ambalo hata mbwa anasalimia kwa jicho moja. Dawa yenyewe ni nyekundu, unaweza kudhani ni juisi ya rozela. Sista Neema, muuguzi wa chumba kile, mtu wa Njombe mwenye sauti ya upole, alivaa glavu mbili mkono mmoja na mbili mkono wa pili kabla ya kuigusa. Nikamuuliza kwa nini. Akasema isimdondokee kwenye ngozi, inaunguza. Kisha akaiunganisha kwenye mshipa wangu.

Nilicheka. Ndugu yangu, hapo ndipo utakapojijua wewe ni mtu wa aina gani, mimi ni wa kucheka.

Nywele zilitoka zote ndani ya wiki moja, nikizikuta kwenye mto, kwenye sahani, hata kwenye chai ya Idrisa, na yeye akizitoa kimya kimya na kunywa. Kucha zikaanza kuwa nyeusi kuanzia kwenye shina. Chakula kikawa na ladha ya msumari. Nilichoweza kumeza ni barafu yenye ndimu na uji wa mchele aliokuwa ananiletea jirani yangu, mama ambaye tulikuwa hatusemezani tangu mwaka juzi kwa sababu ya kamba ya kuanikia. Aliuweka mlangoni, akagonga, akaondoka. Mpaka leo hatujaongea habari za kamba ile.

Baada ya hapo vidole vikafa ganzi. Nilikuwa namchora binti mmoja wa ukoo wetu, koni ya hina ikaniponyoka, na nilipoishika tena sikujua kama nimeishika. Mstari ukateleza mpaka kwenye kiwiko. Binti akasema, "Haina neno, dada, ni zuri tu." Nikajifungia chooni nikalia kilio ambacho nywele sikuzililia.

Dripu ya pili nilimweleza Sista kuhusu vidole. Akanichunguza kwa ncha ya kalamu, akavuta droo ya meza yake, akatoa kimashine kidogo cha gemu, cha kijivu, kioo kimekwaruzika.

"Chezesha vidole, mama. Kila siku ukija, chukua."

"Mie na gemu wapi na wapi, Sista? Kwani nimekuwa mtoto?"

"Saa zote hizo unakaa na dripu, unafanya nini? Unahesabu vigae. Shika."

Nilikuwa sijawahi kucheza gemu lolote maishani mwangu. Hili, Sista alinieleza, ni la zamani sana, picha zake za vibokisi vibokisi, lakini watu wa gemu wanaliheshimu kama sisi tunavyoheshimu taarab ya zamani. Unamwongoza mtu mdogo anatembea katika nchi ya kigeni. Anaongea na wanakijiji, anapigana na mazimwi, analala nyumba ya wageni, anaongezeka nguvu kidogo kidogo. Hakuna haraka. Ukichoka, unahifadhi ulipofika, siku nyingine unaendelea.

Nikaliwasha. Kikatokea kioo cheusi chenye visanduku vitatu, vya kuhifadhia safari za wachezaji watatu. Cha kwanza kimeandikwa SALEHE. Cha tatu kitupu. Cha katikati kimeandikwa TATU.

Mwili ulinisisimka mpaka kwenye utosi usio na nywele. Nilidhani Sista ameniandikia kwa mzaha, nikamuuliza.

"Mie? Hapana. Hilo gemu lilikuwa la Salehe, alikuwa dereva wa bodaboda pale Ubungo. Alipoona mwili umekataa akaliacha hapa, akasema ni la benchi. Marehemu, Mungu amrehemu."

"Na huyu Tatu?"

Sista akatengeneza kwanza mpira wa dripu, ingawa haukuwa umejikunja. "Alitoka Mkuranga. Alikuja dripu mbili. Hakurudi."

"Alifariki?"

"Nimesema hakurudi."

Basi kidole kilicho na ganzi hakina adabu, kikabonyeza. Kikafunguka kinamasi. Maji ya kijani mpaka kwenye kingo za kioo, miti mikavu, na muziki wa noti chache unaozunguka palepale, unaozunguka palepale. Katikati amesimama mwanamke mdogo mwenye gauni jekundu, uso umekuwa wa zambarau. Juu yake maneno ya Kiingereza ambayo hata Kiingereza changu cha darasani kiliyatosha: amekula sumu, na uhai wake ni moja.

"Usimsogeze!" Sista akanishika mkono. "Salehe alinifundisha. Mwenye sumu kila hatua inamla uhai. Hapo kabakiza mmoja. Ukimsogeza tu, basi."

Nikamwangalia. Yeye na uso wake wa zambarau, mimi na kucha zangu nyeusi, sumu yangu ikishuka tone tone kutoka kwenye chuma kile cha kutundikia. Alikuwa anapumua. Walimtengeneza hivyo, mabega yanapanda na kushuka hata ukimwacha amesimama. Nikazima.

Kwa bahati mbaya, aliyekuwa amekaa pembeni yangu siku hiyo ni Shangazi Mwanaidi. Huyu ni dada yake marehemu baba, amehamia kwangu kutoka Kipawa kuja kuniuguza, na kwa kweli aliniuguza. Aliyenibeba chooni ni yeye, aliyeosha mashuka ni yeye. Shangazi anasoma Kiarabu chake cha chuo cha Kurani vizuri, herufi za kizungu anazijua za kubahatisha. Lakini TATU aliisoma.

"Nani kakuandika humo?"

"Si mie, Shangazi. Ni mwingine, jina tu limefanana."

"Huyo mwingine yuko wapi?"

Nikakificha kimashine chini ya shuka. Na huyo mwenye sanduku la juu yuko wapi, akauliza. Akajifunika mdomo kwa ncha ya mtandio.

Wewe wa pwani unajua ninakokwenda. Mtoto akiwa wa kuugua kila mwezi, wazee husema jina limemzidi, ni zito, na hubadilishwa akaitwa jingine, na wengi wanasema wameona faida. Mimi jina nimerithi kwa bibi, mama mdogo wa baba, somo yangu. Bibi Tatu alikufa na uvimbe shingoni. Aliyempakata kichwa siku hiyo alikuwa Shangazi Mwanaidi, mwali wakati huo, na alishaniambia kwamba bibi aliita jina lake mwenyewe kabla ya kukata roho, kama anayemwita mtu mwingine aliye uani. Kumbadilisha jina mwanamke wa makamo ni kichekesho, lakini mimi wa kucheka sikucheka. Niliogopa. Niseme wazi, niliogopa kinamasi kile kuliko karatasi ya daktari.

Ijumaa yake nyumba ilifukizwa udi. Ikasomwa dua, nikanyunyiziwa marashi, ukapikwa ubwabwa wa nazi, watoto wa mtaa wakaitwa wakala, kisha wakaambiwa waniite kwa pamoja. "Salama! Salama!" wakapiga kelele huku wanalamba vidole. Ndilo jina alilonichagulia Shangazi. Akatoa na sharti: jina la zamani lisitamkwe ndani ya nyumba ile, na yeyote atakayeniita kwa jina hilo nisimwitikie. "Anayekuita Tatu sasa," alisema, "ni mwenye shida na Tatu. Akikosa wa kumwitikia ataondoka."

Idrisa alilichukua kwa utani mwanzoni. "Nilimuoa Tatu. Huyu Salama sijamtolea mahari, nitalalaje naye?" Tukacheka wote, hata Shangazi. Lakini siku zilivyokwenda nikagundua mume wangu haniiti tena. Tatu amekatazwa, Salama haimtoki. Ikawa "we," ikawa "sikia," ikawa "chai ipo." Hujui jina lako ni kitu gani ndani ya nyumba mpaka likose mtu wa kulitamka. Nilikuwa napita sebuleni nahisi kama mgeni ambaye wenyeji wamesahau kumuuliza anatafuta nani.

Jioni moja, maghribi, tumekaa na Shangazi uani, ikasikika sauti ya mwanamke kwenye geti. "Tatu?" Sauti ya kawaida, si nzito, si nyembamba. Shangazi akaniziba mdomo kwa kiganja chenye harufu ya kitunguu. "Tatu? Upo?" Tukasikia kandambili zikisogea, zikasimama karibu na dirisha la chumbani kwangu, kisha zikaondoka taratibu. Inawezekana alikuwa mteja wa hina. Nimeuliza mtaa mzima mpaka leo, hakuna aliyekiri kuja.

Dripu ya tatu nilikwenda na Idrisa. Sista alipoita, Idrisa ndiye aliyejibu "Yupo!" na mimi nikajikokota nyuma yake, nikaona nimeipata njia ya kati. Nilipotulia kitandani nikachukua kimashine, nikachagua kisanduku kitupu, kikaniuliza jina. Nikaandika SALAMA. Nikapewa msichana mwenye nguo za majani na fimbo, na kijiji.

Kile kijiji nilikipenda, na kilinitia hofu vilevile. Watu wake kila mmoja ana sentensi moja tu. Mlinzi anasema njia ya mlimani ni ya hatari. Mzee anasema zamani mavuno yalikuwa mazuri. Kisimani yuko mama mwenye ushungi, ukimkaribia anasema: Kisima kimekauka. Umemwona binti yangu? Unakwenda, unarudi, unapigana na popo, unaongezeka nguvu, unarudi tena: Kisima kimekauka. Umemwona binti yangu? Nilimzungukia mama yule nikitafuta namna ya kumjibu. Hakuna namna. Nikainua macho, mgeni wa jirani yangu wa kitanda alikuwa ananiambia, "Pole, Mungu ni mwema," kama alivyoniambia wiki tatu nyuma, kwa sauti ileile, ameinamisha kichwa upande uleule.

Jambo nililolionea wivu ni nyumba ya wageni. Unalala pale, taa inazimika, inawaka, umepona kila kitu. Mimi nilikuwa nikilala naamka nimechoka kuliko nilivyolala.

Masika yakaanza. Ndipo ikaja dripu ya nne, na ndiyo ninayotaka uisome polepole.

Siku hiyo Idrisa aliitwa kwenye vyumba vya barafu vya samaki vilivyoharibika, nikaenda na Shangazi. Mvua ilikuwa inapiga bati mpaka watu wanaongea kwa ishara. Benchi lilikuwa limejaa watu wenye vilemba na kofia za sufu, harufu ya nguo mbichi, feni inazunguka bila kupeleka upepo popote. Vipimo vyangu vilikuwa vizuri, nimeambiwa nisubiri kuitwa. Mlango wa chumba cha dripu ukafunguka, Sista akatoa kichwa.

"Tatu!"

Nikajiandaa kusimama. Shangazi akaniwekea mkono juu ya goti, akakandamiza.

"Usiitike."

"Shangazi, ni Sista."

"Sauti ni ya Sista. Jina ni la nani?"

"Tatu!" Sista akarudia. Mvua ikazidi. Nilikuwa nyuma ya nguzo, hanioni. Nataka nikwambie kwamba nilikaa kwa kumheshimu shangazi yangu, na kweli nusu ni hivyo. Nusu nyingine ni kwamba mshipa wangu ulikuwa unauma kabla hata ya kuchomwa, na kichefuchefu kilikuwa kimeshaanza kwa kuona tu ule mlango. Mtu akikupa ruhusa ya kutoingia pale, unaipokea kwa mikono miwili. Akaita mara ya tatu, nikasikia mlango ukijifunga. Tukaondoka.

Wiki ile ilikuwa tamu. Sikutapika. Nilikula changu wa kukaanga na ndimu na pilipili, nikasikia ladha ya samaki badala ya msumari. Idrisa tulimwambia dawa zimeahirishwa. Shangazi akaimba jikoni. Nikasema labda kweli, labda kilichokuwa kinamtafuta Tatu kimechoka kuuliza.

Kisha asubuhi moja nafunga mtandio, kidole changu cha ganzi kikagusa chini ya taya. Nikabadilisha kidole. Nikabadilisha mkono. Kunde ilikuwa imerudi, na pembeni yake nyingine.

Nilimwita Idrisa nikamwambia ukweli wote. Alikwenda akasimama mbele ya Shangazi. Sijawahi kumsikia mume wangu akimpandishia sauti mkubwa, na siku hiyo pia hakuipandisha.

"Shangazi, shikamoo yako nakupa kila asubuhi na nitaendelea kukupa. Lakini leo nisikilize mie. Umenifichia mke wangu. Umemficha na mauti, haya, asante. Lakini umemficha na dawa pia."

"Nilimpakata bibi yake mie," Shangazi akasema. "Wewe hukuwepo. Hukumsikia alivyoita." Akakaa chini sakafuni, akalia kama mtoto, na mimi sikujua nimfuate nani kati yao.

Tukarudi hospitali watatu. Nilipomwomba radhi Sista kwa siku ile kwamba sikuingia, akakunja uso.

"Lakini uliingia."

"Sikuingia, Sista. Nilikuwa nyuma ya nguzo."

"Nilipoita mara ya tatu mtu aliinuka. Kajifunika mtandio, mwembamba hivihivi kama wewe. Akanipita mlangoni. Nikasema haya, kalale kitanda cha mwisho, nikageuka kuandaa dawa. Nilipomaliza, kitandani hamna mtu." Akanitazama, nami nikamtazama. "Dawa ikishachanganywa haikai, mama. Niliimwaga."

Shangazi alikuwa amesikia. Tasbihi ikasimama mkononi mwake. Mimi sina maelezo, na Sista Neema, ambaye ni mlokole na hataki mambo hayo, alisema tu siku ile kulikuwa na watu wengi.

Daktari alinishika shingo akaipapasa pande zote. Halafu akasema tunaweza kuendelea leo, uvimbe bado haujafika mbali, lakini nikiruka tena hana cha kuniahidi. Nikarudishwa benchini kusubiri dawa itengenezwe. Idrisa akaenda kutafuta chai. Nikamwomba Sista kimashine.

Sikumfungua Salama. Nilimfungua Tatu.

Kinamasi, miti mikavu, muziki wake. Alikuwa bado anapumua. Nilikaa naye hivyo, tunapumua wote wawili, na ikanijia kwamba mahali pengine popote duniani mwanamke yule wa Mkuranga hayupo, au yupo sijui, lakini hapa amesimama tangu siku aliyoondoka, anangoja. Kumsogeza siwezi. Lakini kwa yule Salama wangu nilikuwa nimeshajifunza kwamba kipo kitufe kingine, cha kufungua mkoba, na kufungua mkoba si hatua. Nikabonyeza.

Mkoba ulikuwa umejaa vichupa vya dawa ya kuondoa sumu. Vimejaa, ukurasa mzima, hajagusa hata kimoja.

Nilimtukana. Kwa sauti, benchini, mbele za watu, nilimwita mjinga, mpumbavu, mwanamke umesimama kwenye matope unakufa na dawa unayo mgongoni, unamwekea nani? Labda hakukijua kitufe. Labda alikuwa anaziweka kwa ajili ya siku mbaya zaidi. Mtu wa pembeni akasogea kidogo. Nami machozi yakaanza kunitoka, maana nilikuwa sijui tena ni nani ninayemtukana. Nikampa kichupa kimoja. Uso wa zambarau ukaondoka, akawa na rangi ya watu. Kwa uhai wake ule mmoja nikamtoa kinamasini hatua moja moja, nimeuma meno, naomba zimwi lisitokee, mpaka kwenye taa ya nyumba ya wageni.

"Tatu!"

Mlango ulikuwa wazi, Sista amesimama na glavu zake. Mkono wa Shangazi ukaja juu ya goti langu kabla hata hajajua kwamba anafanya hivyo.

"Shangazi," nikamwambia, "anayeniita ni mwenye dawa yangu."

Sikuuondoa mkono wake. Nilisubiri auondoe mwenyewe, na nikawa naogopa hatauondoa, na Sista ameshavuta pumzi ya kuita tena. Aliuondoa.

"Abee!" nikaitika.

Nilitoa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, benchi zima likageuka. Shangazi alikuwa amefumba macho kama mtu anayesubiri sahani ivunjike. Feni ikaendelea kuzunguka. Alipoyafumbua akasimama, akajikaza mtandio kiunoni kama anayekwenda kugombana, akanishika mkono.

"Naingia na wewe. Akija yule mwingine, anikute mie."

Na alikaa. Dripu zote zilizobaki alikaa pale kwenye kiti cha plastiki, amekikabili kile kitanda cha mwisho, hakigeuzii mgongo.

Zilizobaki zilikuwa mbaya, nisikudanganye. Mdomo uliota vidonda, kucha mbili za miguu ziling'oka, na kuna siku Idrisa alinikosea kidogo tu nikamtupia ndoo. Lakini alikuwa ananiita. Anafika getini, "Tatu!" Yuko bafuni, "Tatu, sabuni iko wapi?" na sabuni anaiona. Shangazi ilimchukua muda zaidi. Alianza kwa kulisema chini chini, kama anayeonja chumvi. Kunde zikayeyuka. Kipupwe kilipofika nilikuwa na manyoya kichwani kama kifaranga cha bata, na kipimo kikubwa kilipofanyika daktari alisema hawaoni kitu. Nitakuwa nakwenda kuangaliwa. Vidole vimerudi nusu. Maua yangu ya hina siku hizi yamepinda kidogo, na maharusi wanasema ni fasheni mpya.

Kwa hiyo wewe uliye benchini: ndimu na barafu. Uji ukiletwa na adui, kunywa. Mwenye kukuuguza akikutisha kwa mapenzi, mpende, lakini msikilize daktari. Na ukiitwa, itika.

Juzi nilikwenda kuangaliwa. Nimekaa, akaja kukaa pembeni yangu mwanamke mgeni, kijana, kilemba bado kinamkaa vibaya maana nywele bado zimo. Sista alikuwa amempa kimashine. Alikiwasha, akatazama, akanigeukia kwa wasiwasi.

"Samahani, dada. Hapa wameandika visanduku vyote vimejaa. Ili nianze lazima nifute mtu."

Nikachungulia. SALEHE. TATU. SALAMA.

"Huyu wa kwanza ni nani?"

"Marehemu. Gemu lilikuwa lake."

Akavuta kidole haraka. "Na Tatu?"

"Mmoja hajulikani aliko. Mwache pale alipo, amelala nyumba ya wageni."

"Na huyu?"

"Huyo mfute."

Alinitazama kama niliyemtukania mzazi. "Dada! Nifute Salama? Leo ndiyo siku yangu ya kwanza hapa."

Nikamchagulia mwenyewe, kimashine kikatuuliza kama tuna uhakika, ndiyo au hapana. Nikaushika mkono wake, wa baridi, bado una kucha zake nzuri za waridi, nikaweka kidole changu cha kucha nyeusi juu ya chake.

"Salama ni mie," nikamwambia. "Na mie nipo hapa. Haya, bonyeza, uandike la kwako."